Wimbo Una Mwenyewe

Liko neno linalosemwa siku hizi katika kwaya za Handeni na Korogwe, nasi twaliona kuwa neno baya, ingawa husemwa kwa tabasamu. Mwalimu wa kwaya akionyeshwa kwamba wimbo anaoufundisha hauimbwi kama ulivyoandikwa, hujibu: "Mchele mmoja, mapishi mbalimbali." Na akiambiwa kwamba mtunzi mwenyewe yu hai, tena anasikitika, hujibu: "Yule mtunzi ni mkali mno, anajifanya mkubwa. Wimbo ukishatoka si wake tena, ni wa watu wote." Wanakwaya hucheka, kinanda hupigwa, na shauri limekwisha.

Sisi twasema kwamba shauri halijakwisha. Mtunzi anayeshikilia kwamba wimbo wake uimbwe kama alivyouandika hana majivuno. Analinda maneno, na kwa kuyalinda maneno anawalinda ninyi mnaosikiliza. Na mwalimu anayebadili wimbo wa mwenziwe bila kuuliza haongezi furaha kama anavyodhani. Anachukua kitu kisicho chake na kukirudisha kimeharibika.

Tuanze na ile mithali. Mithali ya mchele ni ya kweli, lakini imetumiwa vibaya. Mchele ni kitu kisichopikwa bado. Maneno ya zaburi ni mchele: watunzi kumi waweza kuyatia sauti kumi, wala hapana atakayewalaumu. Lakini wimbo uliokwisha tungwa, wenye sauti zake nne, na mwendo wake, na mahali pake pa kuvuta pumzi, huo si mchele tena. Ni wali ulioiva. Kazi ya kwaya ni kuupakua. Mwenye kupakua akimimina maji ya mtungi juu ya wali wa mwenziwe, kisha akajisifu kwamba hayo ni mapishi yake, ni nani atakayekaribia sahani hiyo?

Watu wengi hudhani kwamba alama ndogo ndogo zinazoandikwa juu ya nota ni mapambo, kama maua ya kitambaa cha meza: ukiyaondoa, meza hubaki meza. Sivyo. Fikirini maneno haya matatu, ambayo tumeyatunga kwa ajili ya mfano tu: Yesu hakufa bure. Mtu akiyasema kwa pumzi moja, kila Mkristo atayaitikia. Lakini mwalimu akiwaacha waimbaji wavute pumzi baada ya neno la pili, basi kwaya nzima imesimama mbele ya watu na kutangaza kwamba Yesu hakufa. Kisha, baada ya kimya, laja neno "bure" peke yake, kama mgeni aliyepotea njia. Mtunzi mwenye akili aliiona hatari hiyo mapema. Ndiyo sababu alichora mstari wa kuyaunganisha maneno hayo, na alama ya pumzi akaiweka mahali pengine. Je, ni ukali huo? Ni ukali wa mtu anayemshika mtoto mkono asianguke kisimani.

Tena kumbukeni ni nani anayesikiliza. Katika vijiji vyetu wamo wazee wasiojua kusoma, ambao mafundisho mengi waliyo nayo moyoni yaliwafikia kwa njia ya nyimbo. Mzee huyo hana kitabu mkononi cha kusahihishia kosa la kwaya. Analolisikia ndilo analokwenda nalo nyumbani, ndilo atakalomwimbia mjukuu wake. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba tarumbeta isiyotoa sauti dhahiri haimwandai askari kwa vita. Kwaya isiyotamka maneno dhahiri haimfai mzee huyo, hata ikiwa sare zake zang'aa na kinanda chake kilinunuliwa kwa fedha nyingi.

Mwendo nao una maana yake. Tunamjua mtunzi mmoja, mkulima wa upande wa Handeni, ambaye hatutamtaja. Alitunga wimbo wa maziko. Mwendo wake aliupima kwa hatua za watu wanaochukua jeneza: hatua nzito, mapigo yasiyokimbia, na katikati ya ubeti nota moja ndefu, kana kwamba wachukuzi wamesimama kubadilishana mabega. Waliousikia mara ya kwanza walilia, tena walifarijika. Miezi michache baadaye mtunzi huyo alialikwa arusini, akausikia wimbo wake ule ule. Ulikuwa unakwenda mbio, ile nota ndefu imekatwa, filimbi na vigelegele vimejaza nafasi yake, na maneno ya kaburi yakichezewa kwa mabega. Alipouliza, aliambiwa ashukuru kwamba wimbo wake umekuwa maarufu. Hakugombana na mtu. Lakini tangu siku hiyo hampi mtu wimbo mpya. Daftari lake limefungiwa sandukuni. Hiyo ndiyo hasara tunayoililia. Kwaya zilidhani zimepata wimbo wa arusi, kumbe zimepoteza nyimbo zote ambazo mtu yule angaliwatungia.

Wako wanaodhani kwamba watunzi wa namna hii ni watu wadogo wa vijijini, wanaotafuta heshima kwa kuwa hawana kitu kingine, na kwamba watunzi wakubwa wa dunia walikuwa wakarimu, wakiziachia nyimbo zao ziende zitakavyo. Basi na tuwatazame hao wakubwa, ambao kwaya zetu hupenda kuyataja majina yao siku za mashindano.

Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu wa kuimba katika shule ya Mtakatifu Thomas, mjini Leipzig, nchi ya Ujerumani, tangu mwaka 1723 hata alipokufa mwaka 1750. Katika siku zake waimbaji na wapigaji walikuwa na desturi ya kuongeza madoido yao wenyewe juu ya nota za mtunzi. Bach hakuwaachia, madoido aliyoyataka aliyaandika mwenyewe, nota kwa nota. Mwaka 1737 mwandishi mmoja, Johann Adolph Scheibe, alimlaumu gazetini kwa sababu hiyo. Rafiki yake Bach, jina lake Birnbaum, alijibu mwaka uliofuata kwamba mtunzi ana haki ya kuandika njia iliyo sawa, ili wanaopotea warudi. Jibu hilo latutosha hata leo.

Ludwig van Beethoven aliona kwamba maneno kama "haraka" na "polepole" hayatoshi, kwa kuwa polepole ya mtu mmoja ni haraka ya mwingine. Ilipopatikana saa ya kupimia mwendo wa muziki, iitwayo metronomu, ambayo Mälzel aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1815, Beethoven aliifurahia. Mwaka 1817 alitangaza hesabu ya mapigo kwa dakika kwa kila sehemu ya simfonia zake nane alizokuwa amekwisha zitunga. Wakati huo masikio yake yalikuwa karibu yamekufa kabisa. Mtu asiyeweza kuusikia wimbo wake mwenyewe alijitaabisha kuwapimia wengine mwendo, ili sisi tuusikie kama alivyousikia moyoni. Je, tutamwita mwenye majivuno?

Giuseppe Verdi wa Italia, mwaka 1871, alimwandikia Ricordi, mchapishaji wa kazi zake, kwamba hakubali waimbaji wala waongozaji wajifanye watunzi. Mtunzi mmoja alimtosha. Na Maurice Ravel wa Ufaransa alitunga mwaka 1928 muziki uitwao Boléro. Twawaomba wapigaji ngoma wa Handeni wautafakari, maana umejengwa juu ya ngoma. Ngoma ndogo hupiga mpigo ule ule mmoja tangu mwanzo. Muziki huanza kwa sauti ndogo sana, na vyombo huongezwa kidogo kidogo, mwendo usibadilike, hata mwishoni okestra nzima hunguruma. Mwaka 1930 Toscanini, mwongozaji mashuhuri, aliuongoza mjini Paris kwa mwendo wa haraka kuliko alioutaka mtunzi. Ravel alikuwapo, naye alimlaumu waziwazi. Haya, wapigaji ngoma, amueni ninyi. Muziki ambao nguvu yake yote imo katika kungoja, mtu akiuendesha mbio, kimebaki nini cha kungojewa? Wahenga walikwisha sema: ngoma ivumayo haidumu. Kwaya nyingi zetu huanza ubeti wa kwanza kwa sauti yote zilizo nayo. Zifikapo ubeti wa nne, ambapo mtunzi aliandika kwamba sauti ikue, hawana cha kukuza ila kelele.

Hapo mtu atasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu na karatasi zao. Sisi ni Waafrika. Nyimbo zetu hukua zikiimbwa, wala hazifungwi kwa nota." Maneno hayo huwapendeza watu, lakini yanawasingizia wazee wetu. Nendeni mkaangalie selo ya Wazigua au mdumange ya Wasambaa. Manju ana nafasi yake ya kuongeza maneno: atasifu, atatania, atamtaja aliyekuja na aliyekosa kuja. Lakini wapokezi hawabadili kiitikio. Na mpigaji akiupoteza mpigo, wazee humwondoa bila kumwonea haya, hata akiwa mwana wa mwenye ngoma. Wazee walijua mahali palipo wazi na mahali palipofungwa. Hawa wanaosema kila mahali pa wazi hawakujifunza kwa wazee. Walijifunza kwa uvivu.

Tena katika Kizigua na Kisambaa kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mwenye kuubadili wimbo wa lugha hizo kwa kuinua sauti mahali pa kushuka aweza kuliharibu neno bila kuigusa herufi hata moja. Jambo hili lilimshughulisha sana Ephraim Amu wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1899 akafa mwaka 1995, mwalimu wa shule kama sisi. Alisikia watu wake wakiimba nyimbo za kigeni zilizopandisha sauti mahali ambapo lugha yao yashuka. Akakataa. Akatunga nyimbo zinazofuata sauti ya maneno, na mwaka 1932 zilichapishwa nyimbo zake 25 za lugha ya Kitwi. Nchini Uganda, Joseph Kyagambiddwa aliziandika kwa nota nyimbo za Buganda katika kitabu kilichotoka mwaka 1955, kisha akatunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964, mashahidi hao walipotangazwa kuwa watakatifu. Hawa si Wazungu. Walikuwa Waafrika walioipenda lugha ya mama zao hata wasikubali iimbwe ovyo.

Na kama mwataka ushahidi wa karibu zaidi, hausikiki mbali na nyumba zenu. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake wimbo, akauandika kwa solfa, ile njia ya do, re, mi iliyoanzishwa Uingereza na Bibi Sarah Glover na kuenezwa na Mchungaji John Curwen tangu miaka ya 1840. Sontonga alifariki mwaka 1905, hakuwa tajiri wala mkuu. Lakini kwa kuwa sauti zake ziliandikwa, na watu wakazishika, wimbo huo ulivuka mipaka. Maneno yalifasiriwa kwa lugha nyingi, sauti ikabaki. Ndio wimbo wa taifa letu tangu mwaka 1961. Zambia nayo ina maneno yake kwa sauti hiyo hiyo, na Afrika ya Kusini waiimba katika sehemu ya kwanza ya wimbo wao wa taifa.

Sasa twawauliza walimu wenzetu: mtoto wa shule akiuimba wimbo huo asubuhi kwa mwendo wa mchezo, hatumrudishi? Ni nani aliyethubutu kutia filimbi katikati yake, au kuukata ubeti wa pili kwa sababu kinanda chake hakiwezi? Kumbe twajua sana kuushikilia wimbo! Twajua kwamba heshima ya wimbo imo katika kuimbwa sawasawa. Lakini heshima hiyo twaipa bendera, na jirani yetu aliyetunga wimbo kwa taa ya mafuta, baada ya kulima kutwa, twamnyima.

Tusiwe wadhalimu kwa wapinzani wetu. Iko hoja moja yenye nguvu, nasi tutaileta wenyewe. Wanaojua habari za muziki watasema: "Handel mwenyewe aliubadili wimbo wake mkubwa wa Masihi, ule wenye Haleluya tunayoiimba Pasaka." Ni kweli. Handel aliutunga mwaka 1741, ukaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742; na katika miaka iliyofuata alibadili nyimbo kadhaa ndani yake kwa kadiri ya waimbaji aliowapata. Na mwaka 1789, Handel akiwa amekwisha kufa miaka 30, Mozart aliuongezea vyombo vingine kwa ajili ya kuimbwa Vienna.

Lakini angalieni vema. Handel alibadili kilicho chake. Mwenye nyumba akihamisha mlango hatumwiti mwizi. Mgeni akiuhamisha usiku twamwuliza. Naye Mozart hakusema kwamba wimbo ule ni wake, wala hakulificha jina la Handel. Kazi yake ilijulikana kuwa matengenezo. Basi kanuni ndiyo hii: kubadili si dhambi siku zote, kubadili bila ruhusa na bila kusema ndiko kunakoharibu. Kwaya ndogo ya kijiji isiyo na sauti ya tatu haiwezi kuimba sauti nne, hilo twalijua, maana vijana wengi wamekwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwalimu wake na amwulize mtunzi. Siku hizi watunzi wengi hufikiwa kwa simu. Swali moja na jibu moja havimalizi salio. Mara nyingi mtunzi aliyeitwa mkali hufurahi, akakaa usiku akiupanga wimbo kwa sauti mbili au tatu, maana ameulizwa. Na ikiwa mtunzi amekufa, basi kabla ya kuimba semeni mbele ya watu: "Wimbo huu ulitungwa na fulani, nasi tumeupunguza kwa sababu hii." Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, nayo inampa haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi na haki ya kuikataa kazi yake isipotoshwe. Hatutaki Wakristo washitakiane kwa ajili ya nyimbo, ingekuwa aibu. Lakini ni aibu kubwa zaidi kwamba serikali imeona katika utunzi mali ya mtu, na sisi tunaofundisha watoto wasiibe embe la jirani hatuoni kitu.

Wengine watasema: "Twaimba kama Roho anavyotuongoza." Hatutafanya mzaha juu ya neno hilo. Twauliza tu: mtunzi je, alipokaa siku nyingi akiyapima maneno, Roho hakuwapo? Alikuja Jumamosi jioni tu, katika mazoezi ya kwaya? Huenda kinachoitwa uongozi ni ugumu tu wa kuimba polepole. Kuimba polepole na kwa sauti ndogo ni kazi ngumu. Pumzi huonekana, na kosa la mmoja husikika. Kwaya isiyoweza kazi hiyo huukimbiza wimbo, kisha hukimbilia kuuita ulegevu wake uchangamfu.

Lakini tusiwalaumu waimbaji peke yao. Watunzi nao wanalo la kuambiwa. Mtunzi aliyeandika do na mi tu, bila mwendo, bila pumzi, bila nguvu ya sauti, bila hata jina lake na tarehe, hana haki ya kulia wimbo wake unapopotea. Amemtoa mtoto njiani bila kumwambia njia. Na yeye asiyeijali lugha ana lawama kubwa zaidi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: twasema BWAna, MUngu, waTAkatifu hatusemi, twasema watakaTIfu. Nyimbo nyingi za Kiingereza na Kijerumani humaliza mstari kwa silabi yenye mkazo, kwa sababu lugha hizo zina maneno mengi ya silabi moja. Mfasiri akiyatia maneno yetu katika sauti hizo bila uangalifu, mkazo huangukia mwisho, nasi twamsikia "bwaNA" na "muNGU", maneno yasiyo ya mtu yeyote. Wakati mwingine mkazo huugeuza hata uzito wa maana: neno barabara likikazwa katika silabi ya tatu ni njia, kama ile itokayo Korogwe kwenda Handeni, likikazwa katika silabi ya pili maana yake ni sawasawa kabisa. Mtunzi wa Kiswahili asiyejua tofauti hiyo bado hajaanza kutunga.

Basi, watunzi, andikeni kwa Kiswahili cha kueleweka: "polepole, kama kuchukua jeneza", "kwa uchangamfu, lakini msikimbie", "hapa msivute pumzi". Andikeni na hesabu ya mapigo kwa dakika. Wala msiseme kwamba metronomu ni ghali. Walio na simu za kisasa wanayo humo. Na wasio nayo wana katani, ambayo Korogwe haijakosa. Chukueni uzi wa katani, mfunge jiwe dogo, mlining'inize na kulibembeza kwa upole. Urefu wa uzi, tangu mahali pa kushikia hata katikati ya jiwe, ukiwa sentimita 99, kila mbembeo wa kwenda upande mmoja ni pigo moja, na mapigo ni 60 kwa dakika. Ukiwa sentimita 69, mapigo ni 72. Ukiwa sentimita 44, ni 90. Na ukiwa sentimita 25, ni 120. Uzito wa jiwe hauna neno. Urefu ndio unaotawala. Tieni mafundo katika uzi huo kwa kila kipimo, na mwalimu wa kwaya atakuwa nao mfukoni. Mwanafunzi wa darasa la tano ataweza kumwambia mwalimu wake, kwa adabu, kwamba wimbo umeanza kukimbia.

Nanyi walimu wa kwaya, twawasihi mambo manne. La kwanza, msifundishe wimbo kwa kuusikia katika simu tu, kama nota zake zaweza kupatikana. Maana mliyemsikia huenda naye aliupotosha, nanyi mtapotosha upotovu. La pili, kabla ya kufundisha nota hata moja, yasomeni maneno kwa sauti pamoja na kwaya, kama msomavyo somo, mpaka kila mmoja ajue pumzi yake iko wapi na kwa nini. La tatu, litajeni jina la mtunzi kila mnapoimba. Jina lililotajwa hulinda wimbo kama ua linavyolinda shamba. La nne, mkiona mtunzi amekosea, maana watunzi nao ni wanadamu, mwambieni yeye, msiutengeneze wimbo nyuma ya mgongo wake.

Na ikiwa baada ya haya yote moyo wa mwalimu bado wamsukuma kuongeza filimbi, na kubadili mwendo, na kutia maneno mapya, basi hatumzuii kabisa. Huenda ndani yake mna mtunzi. Na achukue karatasi, aketi, apime maneno, aandike wimbo wake mwenyewe tangu nota ya kwanza hata ya mwisho, na kutia jina lake juu. Kisha aupeleke kwa kwaya ya jirani, na siku ile atakapousikia ukiimbwa ndipo atakapojua kwa nini yule mwingine aliitwa mkali.